Mzee Aliyegonga Chombo cha Angani

Safari hii ilitokana na ukaidi wa baba. Mdogo wangu Neema, mhandisi huko Mwanza, alikuwa amepata kazi kama yake ng'ambo, na hakutaka kuondoka bila baraka za mzee. Baba, fundi mitumbwi tangu ujana wake, alijibu, "Siwezi kubariki nisichokijua." Basi nikamchukua twende Mwanza akaione kazi yenyewe.

Asubuhi tulikuwa Kamanga, tukivuka ziwa kwenda mjini. Kivuko kilijaa matenga ya sangara wa viwanda vya minofu, biashara iliyomtia kila mtu wazimu miaka hiyo. Baba akaanza kugonga bati la kivuko kwa kifundo cha kidole, sikio ameliinamisha. Ndivyo alivyo. Hakuna mtumbwi wake ulioshushwa majini kabla hajaugonga ubao kwa ubao, na akiridhika husema, "Mzima. Ushusheni." Abiria walitutazama, nami niliona aibu kweli.

Mchana tulifika Mabatini, mtaa wa Mwanza alikopanga Neema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

Neema akatoa kipande cha plastiki, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Alisema yeye na wenzake kazini wamekijenga kwa mashine, tabaka juu ya tabaka. Katikati ya kazi waliisimamisha, wakalaza waya mwembamba kama unywele, kisha mashine ikaendelea kuufunika. Waya huo ndio kihisi, unaotambua plastiki inapoguswa au kubonyezwa. Walikuwa wakijaribu kama vyombo vya kwenda angani vinaweza kujengwa hivyo.

"Huko juu hakuna wa kukagua ufa, baba. Chombo chenyewe lazima kiseme kinapoumia."

Akakiunganisha na kisanduku chenye mshale. Baba akakigonga, mshale ukaruka. Akakibonyeza polepole, ukapanda polepole. Alipoachia, ukashuka. Plastiki ile ilikuwa inaujua mkono wa baba yangu! Mzee akavuta kigoda, akagonga tena na tena, macho hayabanduki.

"Kumbe sikio mmeliweka ndani," alisema.

"Ndiyo, baba. Niliwasimulia wenzangu kidole chako, wakacheka. Baadaye hawakucheka."

Baba aliomba chakula.

Jioni Neema alitusindikiza kivukoni. Mzee alikuwa bado hajatamka lolote kuhusu baraka, na maskini mdogo wangu alikuwa akitafuna kucha. Honi ikalia. Baba akageuka, akamgonga Neema mgongoni kwa kifundo cha kidole, sikio ameliinamisha vilevile, mbele ya wachuuzi wote. Watu wakatutazama tena. Safari hii sikuona aibu.

"Mzima," alisema. "Mshusheni."