Kondo Lililotiwa Chumvi

Kazi ya sanduku la bluu niliipata kwa kuuliza maswali. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, nimebeba mizigo ya watalii kule Rumangabo, nimeuza makayabu, wale samaki wa chumvi, na mwisho nikaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Sijawahi kukaa miaka miwili katika kazi moja. Mama huwaambia jirani kwamba mimi nikizoea mlango, natafuta mwingine.

Mzee mmoja mwenye miwani alikuwa abiria wangu wa kila siku, kutoka Ndosho hadi ng'ambo ya Birere. Kila mara alikuwa na sanduku la bluu lenye barafu, amelikumbatia kwenye magoti yake. Siku ya tatu nilimuuliza kuna nini ndani.

"Kondo la nyuma," akasema.

"La ng'ombe?"

"La mama aliyezaa leo asubuhi. Endesha polepole."

Nilimuuliza linapelekwa wapi. Akasema maabara. Nikauliza kufanya nini. Tulipofika, hakushuka. Alinieleza akiwa bado amekaa nyuma yangu, pikipiki imezimwa, na abiria wengine wakinipungia mkono bila kupata jibu. Alisema wako watu wanaotafuta kujua kwa nini wamama wengine hupandwa na presha katika mimba, wakavimba miguu na uso, na mtoto akafa tumboni kabla ya siku zake. Alisema jibu, kama lipo, mara nyingi limo ndani ya kondo, na sisi hulizika au kulitupa kabla hajalisoma mtu.

Baada ya mwezi mmoja alianza kunituma peke yangu. Maabara ilikuwa vyumba viwili na jenereta. Pale alinionyesha mambo ambayo shule haikunionyesha. Kondo lina uso wa mama na uso wa mtoto. Uso wa mtoto unang'aa, na mishipa yake imetawanyika kama mizizi ya mti uliong'olewa. Damu ya mama na damu ya mtoto zinapita karibu kabisa, ngozi kwa ngozi, lakini hazichanganyiki. Nilimwambia hiyo ni kama sisi na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Sheria zilikuwa chache. Kondo liwekwe kwenye mfuko, mfuko kwenye barafu, lifike kabla ya muda wa saa nne kupita tangu mama azae. Dawa ya kulihifadhi ilikuwa maabara tu. Sikuwahi kuuliza kwa nini barafu na si kitu kingine. Kati ya maswali yote niliyouliza, hilo halikunijia.

Dada yangu alikuwa amepoteza mimba mbili, zote katika mwezi wa saba, zote kwa presha. Mama alizika kondo za wale watoto wawili uani kwetu. Uani kwetu ni jiwe la volkano, mtaimbo unagonga na kurudi, kwa hiyo udongo aliuleta kwenye magunia, akalijaza shimo, akapanda migomba miwili juu. Kwao Butembo ndivyo wanavyofanya. Anaamini kondo ni mwenzake mtoto, na likitupwa ovyo, tumbo la mama halitulii tena.

Dada alipopata mimba ya tatu, mimi ndiye niliyemwambia habari za utafiti. Nilijisikia mtu wa maana. Nilimchorea mishipa kwenye kipande cha katoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Wakiisoma, wataniambia kama nizae tena ao niache?"

Nilimuuliza mzee wa maabara. Alisema hawezi kuahidi, lakini kuna alama ambazo akiziona, daktari anajua dawa ya kuanza nayo mapema katika mimba inayofuata, na kuna alama nyingine ambazo akiziona, atamshauri mama apumzike kuzaa. Nilirudi na jibu hilo kama nilivyopewa. Dada alitia sahihi. Mama alikataa wiki mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba wakimaliza kulisoma, warudishe kilichobaki azike.

Mwezi wa nane wa mimba presha ilipanda. Mume wa dada alikuwa Butembo na barabara haikuwa ya kupita. Ijumaa jioni tulimpeleka hospitali ya uzazi, maternite ya Ndosho, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mtoto alitoka, wa kike, bila sauti. Mama alimfunga kwenye kitenge cha kijani. Mkunga alitia kondo kwenye mfuko, akaandika namba, akaniita.

Dada alikuwa amelala ubavu, uso umevimba. Alinishika kifundo cha mkono.

"Beba wewe, mudogo. Usimupe mutu mwingine."

Nikabeba. Nakumbuka nilikagua hewa ya tairi kabla ya kuondoka. Sikumbuki kwamba nilihisi kitu.

Barafu ilikuwa kidogo. Umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi na friji ya maternite ilikuwa na vipande vichache tu, laini. Mkunga alisema haidhuru, ni dakika ishirini. Wote wawili tulisahau kwamba ni Jumamosi. Jumamosi asubuhi ni salongo, watu wote wanatoka na majembe kusafisha mitaro, na barabara zinafungwa mpaka saa tano. Nilipita vizuri hadi Birere, kisha nikakuta kamba imefunga barabara.

Nilionyesha barua ya maabara. Kijana mwenye kamba aliisoma juu chini.

"Kila mutu iko na barua leo. Ata yule wa mikate iko na barua."

"Ni ya hospitali."

"Basi weka pikipiki pale, kamata koleo. Saa tano utaenda na barua yako."

Simu yangu haikuwa na moto, chaji ilikuwa imekwisha. Nilizoa matope pamoja na wengine huku nalitazama sanduku juu ya kiti cha pikipiki. Jua lilikuwa limeshapanda. Karibu saa tatu nilifungua kifuniko. Barafu ilikuwa maji, na maji yalikuwa vuguvugu kama ya kunawa. Mfuko ulielea. Niliugusa, nikahisi uvuguvugu.

Pale ndipo akili yangu ilipofanya kazi haraka, na mpaka leo naona jinsi kila hatua ilivyokuwa na maana. Kitu kinaoza. Maduka ya barafu yamefungwa. Nimeuza makayabu mwaka mzima, nimeona samaki wakitoka mbali kwenye jua kali, siku nne, siku tano, na hawaozi.

Mama aliyeniuzia makayabu zamani alikuwa kwenye kibanda chake kilekile, mlango umefunguliwa nusu, ushungi kichwani, anangoja saa tano.

"Wewe," akasema. "Ulitukimbia. Umerudia samaki?"

"Hapana, mama. Nataka chumvi tu. Ya mawe."

"Chumvi bila samaki? Umeoa, bibi anapika mawe?"

"Ya kuhifadhi nyama, mama."

"Iko na mafuta?"

"Haina. Iko na damu."

"Basi tia mingi. Tia chini, tia juu, usiache ata nafasi ya kidole. Ukifanya vile, unafika nayo Kisangani."

Alinijazia mfuko. Nyuma ya kibanda nilimwaga maji, nikafungua ule mfuko wa namba, nikafanya kama alivyosema. Nilitia chini, nikatia juu, nikasugua kwa kiganja kama nilivyokuwa nasugua samaki, taratibu, pande zote mbili, uso wa mama na uso wa mtoto. Nilifunga. Nilinawa mikono kwenye ndoo yake. Niliridhika. Hilo nalikumbuka vizuri zaidi ya mengine yote, kwamba niliridhika.

Saa tano kamba ililegezwa. Dakika kumi baadaye nilikuwa maabara. Mzee alikuwa amefika kwa miguu. Nilimwambia ya kamba, ya jua, ya barafu. Alitikisa kichwa akisema si kosa langu, tutajaribu, muda wa saa tano tangu azae si mbaya sana. Alivaa glavu, akafungua mfuko kwenye sinia.

Kondo lilikuwa limekunjamana, limekuwa la kijivu, na maji mekundu yalikuwa yamejaa mfukoni. Alipangusa punje moja kwa kidole, akaitazama karibu na miwani.

"Mulitia nini?"

"Chumvi, muzee. Isioze."

Aliketi. Sikuwahi kumwona akiketi wakati wa kazi. Alinieleza bila kupandisha sauti, kwa ile sauti yake ya kunifundisha. Chumvi hunyonya maji kutoka katika kila chembe ya nyama. Ndiyo maana samaki haozi. Chembe zinasinyaa, mishipa inajifunga, na yeye kazi yake ni kutazama chembe zilivyokuwa na mishipa ilivyokuwa. Kondo lililoanza kuharibika kwa joto, angeweza bado kulisoma nusu. Hili hapana.

Hata hivyo alilipima uzito, akalikata vipande vyembamba. Katika kipande kimoja, karibu na ukingo, aliona eneo gumu, jeupe. Alilitazama sana. Alinisogezea taa.

"Unaona hapa? Kuna kitu. Lakini siwezi kujua kama ni cha mama ao ni cha chumvi yako."

Kisha akachukua fomu na kuuliza namba ya mgonjwa, kwa sababu maandishi kwenye mfuko yalikuwa yamefutika. Nilimwambia sina namba, ni dada yangu. Kalamu yake ilibaki hewani. Akaandika neno moja la Kifaransa linalomaanisha kwamba haifai, akakunja fomu, akalitia kondo katika mfuko mpya.

Mtoto alizikwa alasiri hiyo. Dada aliruhusiwa siku ya tano. Kondo lilikuwa limekaa kwenye friji ya maabara mpaka siku hiyo, maana mama alitaka dada awepo. Nililileta nyumbani, nikaliweka kwenye meza ya nje. Mama alifungua, akalinusa, akanitazama.

"Papa, mutoto yangu, hii iko na chumvi."

Niliwaambia wote wawili pamoja. Niliwaambia ya kamba, ya kibanda, ya maneno ya mzee kuhusu ule weupe. Nilikuwa nimefikiria njiani kusema kwamba wameona kitu, nikomee hapo. Lakini dada angeuliza ni kitu gani, na mimi nisingekuwa na jibu.

"Kwa hiyo hawajui," akasema dada.

"Hawajui."

"Ata kidogo."

"Ata kidogo."

Hakulia. Aliuliza nilitia chumvi kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua.

Mama alileta beseni. Alilitia kondo na vile vipande ndani yake, akamimina maji, akangoja. Ni vile anavyofanya na makayabu kabla ya kupika. Akamwaga, akamimina mengine. Alisema hawezi kuzika chumvi karibu na migomba, itakauka. Alirudia mara tatu. Mara ya mwisho alichovya kidole kwenye maji, akakiweka ulimini, akatema pembeni. Dada alikuwa kwenye kiti, shali mabegani, anatazama beseni.

"Ikitoka chumvi yote," akaniuliza, "itasomeka?"

"Hapana, dada."

"Nilikuwa nauliza tu."

Nilichimba mimi. Mtaimbo ulinifikisha hadi magotini tu, mama akaliweka kondo, nikajaza udongo wa gunia. Yale maji ya beseni niliyamwaga mbali, kwenye jiwe, upande usio na kitu. Kesho yake jua lilipokausha, kulikuwa na alama nyeupe juu ya jiwe jeusi, ya mviringo, kama mahali palipowekwa sufuria. Mvua iliiondoa.

Bado nabeba sanduku la bluu. Ni kazi niliyokaa nayo kuliko zote, sijui kwa nini. Mzee alibandika karatasi ndani ya kifuniko inayosema tusitie kitu chochote isipokuwa barafu. Hakuweka jina langu, lakini motari wengine, waendesha pikipiki wenzangu, wanajua, na wakinipita Birere huniuliza kama samaki wamefika salama.

Dada ana mimba ya miezi mitano. Daktari amempa vidonge vidogo vya kumeza kila jioni. Alisema huenda vinasaidia, huenda si vya ugonjwa wake, hana karatasi ya kumwongoza. Dada huvimeza. Juzi nilimkuta na kalenda ya parokia magotini, anahesabu kwa kidole.

"Nani atabeba sanduku?" nikamuuliza.

"Wewe. Nani mwingine?" Aligeuza ukurasa. "Isiwe tu Jumamosi."

Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya mwezi wa tisa wa mimba yake. Nilizihesabu Jumamosi. Zilikuwa tano. Nikatoka kukagua tairi.