Nailoni ya Tumboni

Shangazi yangu hafanyi mchezo na nailoni anayofungia marobota ya majani ya ng'ombe. Robota likishafunguliwa, huiosha, huianika, kisha lori la kiwanda cha kuyeyusha plastiki huja kuichukua. Mumewe hujitia hamnazo. Yeye akifungua robota, huitupa papo hapo zizini.

Jana ng'ombe wao mwenye mimba alikufa. Daktari wa mifugo alimpasua, akatoa ndama aliyekwisha kufa, na tumboni bonge la nailoni, kubwa kama mto wa kulalia.

"Bahati mbaya tu, mke wangu," mume akasema.

"Bahati? Bahati ndiyo iliyoitupa zizini?"

Shangazi akamsukumia ndoo na sabuni.

"Ioshe. Ukimaliza, kamzike ndama kwa mikono hiyo hiyo."