Bendi Nilizozisifia kwa Dakika Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo wa chumba kisicho na dirisha nikaambiwa mimi ndiye mtunza maktaba ya muziki. Stesheni yetu ya redio ilikuwa ghorofa ya tatu hapa Eldoret, juu ya duka la pembejeo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilitupandia mpaka studio. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kadi. Kila wimbo ulikuwa na kadi yake: jina la bendi, urefu wa wimbo, na kile tulichokiita mwanzo mtupu, yaani zile sekunde za ala kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ili mtangazaji ajue ana nafasi gani ya kuongea.

Mkuu wa Vipindi, mama mkali aliyevaa koti hata wakati wa jua, alinikuta nimevaa visikizio, nimefumba macho.

"Kirwa, hiyo ni ya ngapi tangu asubuhi?"

"Ya tatu, Madam."

"Na CD ziko boksi zima hapo. Wewe si jaji wa mashindano ya kwaya. Sikiza dakika moja, andika kadi, weka ingine."

Hiyo tuliiita kuonja. Nikawa mwonjaji hodari sana, Mungu anisamehe.

Baada ya miaka minane Mkurugenzi alinipandisha cheo, akanipa kipindi cha Jumamosi alasiri cha kupendekeza bendi ambazo hakuna aliyezijua. Msicheke, vijana. Wasikilizaji walikuwepo: wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel, wauguzi, hata mwenye posho mill ya kusaga mahindi aliyeniandikia kila wiki. Walitaka metali, muziki wa gitaa zito na mwimbaji anayenguruma kutoka tumboni. Walitaka pia ile roki isiyo na haraka, ambayo gitaa moja linarudia noti zilezile mpaka unahisi ukungu unashuka chumbani. Nilisifu watu wa Ufini waliopiga gitaa kwa upinde wa fidla. Nilisifu vijana wa Nakuru waliorekodi mashine ya kukamua maziwa wakaifanya ngoma. Nilizungumza kama mtu aliyelala na kuamka na muziki huo. Kumbe nilikuwa nasoma maelezo ya nyuma ya jalada tu, na nyimbo nilizozisikiliza mpaka mwisho ni chache kiasi cha kuona haya kuzitaja.

Ndipo akaja Mwalimu Jerotich, aliyefundisha hesabu shule ya msingi huko Ziwa, nje ya Eldoret. Yeye na binamu zake wawili walikuwa na bendi iliyoitwa Baridi ya Julai. Alipanda ngazi zetu na CD mkononi yenye wimbo mmoja wa dakika kumi na nne.

"Mzee, naomba tu usikize yote. Ni ya kumkumbuka marehemu baba yangu."

"Nitasikiza yote, Mwalimu."

Nikasikiliza dakika moja. Mvua juu ya mabati, gitaa la taratibu. Kwenye kadi nikaandika: Mpole. Unafaa maombolezo.

Wiki hiyohiyo Mama Wafula wa Yamumbi alipiga simu hewani. Mumewe alikuwa anatimiza mwaka tangu azikwe, naye alitaka muziki mtulivu wa kupigwa wakati familia inaweka maua kaburini. Nilimpendekezea wimbo wa Jerotich palepale, na kwa kujionyesha nikaupeleka mwenyewe hadi kaburini. Kwa dakika sita watu waliinamisha vichwa. Ya saba, ngoma zililipuka na Jerotich akaanza kunguruma kwenye spika za kukodi. Watoto walipiga mayowe. Mchungaji akapaza sauti, "Shetani ashindwe!" Nilikimbia nikachomoa waya, na Mama Wafula akabaki amesimama na maua yake mkononi.

Jumatatu Mkuu wa Vipindi aliniita.

"Ulisikiza hii kitu kabla uipeleke kwa watu?"

"Niliisikiza, Madam. Ile bendi ilinichezea. Walinibadilishia CD."

"Basi sema hivyo hewani."

Nikasema. Nilitaja jina la Jerotich na mahali anapofundisha, kwa ile sauti yangu nzuri ya Jumamosi. Kanisa lao likamwondoa kwenye kwaya ya watoto, na wazazi wakaomba watoto wao wahamishwe darasa lake. Alipiga simu stesheni mara tatu. Mara zote nilimwambia mpokezi aseme niko hewani.

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja zaidi bila kulirekebisha neno hilo, na nilipostaafu nilikatiwa keki, nikasifiwa kwa masikio yangu. Ninaona aibu nikiandika haya. Nyinyi mnaopendekeza muziki kwenye simu zenu siku hizi, jueni kwamba msikilizaji anawaamini kwa sababu anadhani mmekaa na huo wimbo.

Mwaka jana nilikutana na Mama Wafula sokoni, nikamwomba radhi kwa ile siku.

"Mimi sikukasirikia wimbo," aliniambia. "Nilikasirika vile uliuzima. Hiyo sauti ndiyo nilikuwa nayo ndani tangu tumzike."

Sikupata amani tena. Wiki iliyofuata nilienda Ziwa, nikamkuta Mwalimu Jerotich nyumbani kwake akigeuza mahindi kwenye turubai kwa reki. Ana mvi sasa. Nilimweleza kila kitu: CD haikubadilishwa, nilimsingizia, niliogopa kazi yangu.

"Hiyo nilijua siku ileile, Mzee. Lakini ile song. Ulikuja ukaisikiza?"

"Niliisikiza, Mwalimu."

"Yote?"

"Yote."

Akaacha kugeuza mahindi, akanitazama usoni.

"Haya, niambie inaisha aje."

Nikasimama pale, mimi niliyelishwa na kusikiliza muziki karibu maisha yangu yote, nisijue hata noti moja baada ya pale nilipochomoa waya.