Mlalamikaji wa Bonde la Humber

Mama mfua shuka wa hospitali hakukosa Jumamosi hata moja kushuka bondeni kando ya mto Humber, wala hakurudi bila lawama: mabata bukini wamenyea njia, baiskeli zimemkosakosa, mbwa wa watu wamemnusa kanga. Serikali ya jimbo ilipoleta mswada wa kuruhusu bonde liuzwe kwa wajenzi, alifika kwenye mkutano wa wananchi mtaani Weston, akakishika kipaza sauti kwa mikono yake iliyochujuka kwa sabuni, akayamwaga malalamiko yake yote. Mbunge aliyekuja kuutetea mswada akatabasamu.

"Basi, mama, unakubali tuliuze?"

"Mliuze?" Akamkazia macho. "Halafu mimi Jumamosi nikalalamikie wapi, sebuleni kwako?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mswada ulipoondolewa baadaye, majirani walimpongeza. Yeye akasema mkutano wenyewe haukuwa hata na chai.