Dirisha Jeusi la Mama wa Jinzi

Ijumaa zangu za Guangzhou niliziharibu mwenyewe, kwa kujifanya fundi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, mwenye ufadhili na hasira za karibu. Mtu aliyezichokoza zaidi ni mama mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara wa jinzi, aliyepanga nyumba mtaani Xiaobei. Alikuwa akienda Xintang kwenye viwanda, anapiga picha kila mtindo, kisha anawatumia wateja wake nyumbani wachague kabla kontena halijafungwa. Nilimwandikia programu ndogo ya kupunguza uzito wa picha na kuzipa namba. Kazi ya dakika moja: unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika neno moja, basi.

Tatizo lilikuwa mahali dirisha lilipoanzia. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba, Kichina mwanzo mwisho, na dirisha lilifungukia kwenye folda ya mwenye kompyuta wa zamani, jina lake bado liko pale kwa Kichina. Picha zilikuwa kwenye diski nyingine, D. Kwa hiyo kila mara ilimpasa kwanza aandike amri ya kuhama: cd, mkwaju, d, halafu anwani ya folda. Ukiusahau ule mkwaju na d yake, dirisha halikugombezi wala haliondoki lilipo. Mama naye alikuwa na lake. Kabla ya kugusa kibodi alisema "hodi", kwa sababu, alinieleza, huwezi kupita sebuleni kwa mtu kila asubuhi kama mwizi.

Akikwama, alinipigia simu. Alinipigia nikiwa darasani, maabara, bafuni. Nilimsomea amri herufi kwa herufi, kwa sauti ya chini, huku profesa akinikodolea macho. Na kila Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwake kuhakikisha picha zimetoka sawa, nikakuta pilau, kachumbari, na visa vya malaoban, wale wenye viwanda, waliojaribu kumpa mshono wa chini kuliko wa sampuli. Hawakumweza. Mama alikuwa akitazama mikono ya mtu, si mdomo.

Siku moja, baada ya simu tatu kabla ya saa sita mchana, nikasema liwalo na liwe. Nikaenda kwake, nikabofya kitufe cha kulia juu ya ikoni ya dirisha, nikafungua sifa zake, na katika kisanduku cha mahali pa kuanzia nikafuta anwani ya zamani na kuandika D:\jinzi. Mama alikuwa kando akimenya vitunguu saumu. Nilipofungua tena, dirisha likaanzia palepale penye picha. Akanishukuru, akaniombea dua ndefu. Nikaondoka kichwa kimevimba.

Simu zikakoma. Wiki ya kwanza nilistarehe. Wiki ya pili Ijumaa ikafika nikakosa la kunipeleka: picha zinatoka sawa, na mkono mtupu haulambwi. Nikala tambi za kantini. Wiki ya tatu nikazila tena, huku jirani yangu mezani akiongea na mama yake kwa simu ya video, na wivu ukanishika mpaka nikaacha chakula. Niseme ukweli, nilimkumbuka yule mama. Pilau pia, lakini yeye kwanza.

Basi nikafanya jambo la aibu. Jumapili nikapita kwake nikidai naazima chaja, na alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikairudisha ile anwani ya zamani kwenye kisanduku. Nikanywa chai harakaharaka, nikaenda zangu kusubiri simu.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano nilitazama simu kuliko ubao. Alhamisi nikashindwa, nikaenda kumuuliza kama kompyuta ina shida yoyote.

"Haina," akasema. "Ilirudi kwa yule Mchina, nikaitoa."

Nikamuuliza ameitoaje, na maandishi yote ni Kichina. Akanionyesha kwa kidole: unabofya hapa, unashuka la mwisho kabisa, halafu kisanduku kilicho chini ya kile kirefu. Hasomi hata herufi moja ya Kichina. Siku ile ya vitunguu alikuwa ameutazama mkono wangu, basi. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba aliyeirudisha ni mimi, maana hakuna mwingine aliyeishika.

Nilitaka kujifanya hamnazo, nikashindwa. Nikakiri. Nikangoja anicheke, na hakucheka.

"Ijumaa tatu nakula peke yangu," akasema. "Nikaona, kijana ana masomo yake, kaitengeneza ili nisimpigie tena, basi nisimsumbue. Hiyo amri yako, mwanangu, mie naijua tangu mwezi wa kwanza."

Akaniambia ninawe mikono. Ilikuwa Alhamisi, na hakuwa na habari kwamba ningekuja, lakini alichopika kilitutosha wawili.