Lala Chini, Mchanga ni Kitanda

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliambiwa kwamba nimemuua kaka yangu kwa wimbo. Sikuambiwa kwa hasira. Niliambiwa mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, sahani za wali zikipitishwa, na niliamini kwa sababu aliyesema alikuwa shangazi.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili karibu na Ziwa Tanganyika, miaka ya vita. Baba na mama walikuwa wamevuka mpaka kwenda Uvira na wadogo zetu. Saidi, kaka yangu, alibaki kwa sababu ya kazi yake ya gereji. Mimi kwa sababu ya shule. Tulikaa kwa shangazi, dada yake baba, pamoja na wanawe wawili.

Shangazi aliendesha nyumba kwa uchuro. Ukishika tama, unaita msiba. Ukiweka mikono kichwani, unaita msiba. Swali lake lilikuwa moja: "Unachuria nani?" Nje watu walikuwa wanauawa kwa sababu ya mtaa waliotoka, na ndani sisi tulichunga mahali pa kuweka mikono. Wakati ule niliona ni utaratibu mzuri. Mikono yangu niliiweza.

Siku hiyo ilikuwa ville morte, mji umefungwa. Vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na matairi, na mtu hakutakiwa kwenda kazini wala sokoni. Asubuhi shangazi alinipa beseni la mihogo niianike uani, juu ya mkeka. Nilipoanza kuitandaza, wimbo ulikuja wenyewe. Ulikuwa wa bibi, mama yao baba na shangazi, aliyekufa mwaka mmoja kabla. Nilikuwa nimeusikia nikiwa mgongoni kwake, na nilikumbuka mistari miwili tu:

Lala chini, mchanga ni kitanda,
kesho watakuja kukubeba.

Shangazi akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nyamaza. Unachuria nani?"

"Ni wimbo wa bibi."

"Mi sitaki mambo ya muchanga hapa kwangu. Leo hasa."

Saidi alikuwa anafunga viatu. Akacheka. "Shangazi, mwache mutoto. Redio inaimba matanga kila siku, mbona hauipige na mwiko?"

"We nawe unaenda wapi?"

"Gereji. Patron ameacha gari ya mutu wazi, watang'oa hata siti. Nafunga, narudi." Akaniinamia. "Imba. Lakini pole pole, mwenye nyumba ana mwiko."

Niliimba pole pole. Alirudi kabla ya adhuhuri, amebebwa na watu wanne juu ya mlango wa bati. Walimkuta amelala kifudifudi kwenye rundo la mchanga wa kujengea, avenue mbili kutoka kwetu. Kulikuwa na mchanga kwenye nyusi zake. Mchanga, na kubebwa. Sikuhitaji mtu wa kunieleza, lakini nilielezwa.

Siku ya tatu ya matanga alikuja kijana tuliyemwita Gardien, kwa sababu alikuwa akilinda goli katika timu ya Saidi. Alikaa mkekani pamoja na wanaume. Wanaume walisogea; nilidhani wanampa nafasi. Akaomba chumvi. Shangazi alimletea mwenyewe, akasimama mbele yake, akasema ili wote wasikie:

"Sisi hatuna mutu wa kulaumu. Ni huyu mutoto. Aliimba muchanga asubuhi ile, nikamukataza. Amemuchuria kaka yake."

Gardien alinitazama. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mzee anayesikitika.

"We mutoto," akasema. "Usiimbe tena."

Nilitii. Shuleni, wengine wakiimba, nilichezesha midomo. Nilizaa watoto wawili, nikawalaza kwa kuwapigapiga mgongoni kimya kimya, na mume wangu alidhani sina sauti. Ile mistari miwili sikuisahau. Iliyobaki sikuijua, na sikuitafuta. Nani anatafuta kisu alichoulia?

Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nilipotumwa na redio niliyokuwa nikiifanyia kazi kwenda ufukweni, upande wa Rumonge, kuandaa habari kuhusu ndagala, wale dagaa wa Tanganyika. Bibi alizaliwa huko. Nilikuta wanawake sita wakimwaga ndagala mchangani na kuwatandaza kwa mikono. Niliwasha kinasa sauti nipate mlio wa mawimbi. Wakaanza kuimba:

Ndagala wangu, jua limetoka,
lala chini, mchanga ni kitanda.
Kesho watakuja kukubeba
mpaka soko, mpaka soko,
urudi nguo ya mtoto.

Niliwauliza ni wimbo gani. Mmoja aliniangalia kama nimeuliza maji ni nini.

"Ni wa ndagala. Utamuimbia nani mwingine?"

"Hauimbwi kwa maiti?"

Wakacheka wote. "Mama, maiti utamupeleka soko?"

Nilicheka nao, kwa adabu. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari la kazi, nikaurudia wimbo ule mpaka dereva akaniuliza kama kinasa kimeharibika.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Buyenzi. Shangazi alikuwa amezeeka, miguu imevimba, ameketi barazani saa za alasiri. Nilimwekea kinasa sauti magotini, nikabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na maneno.

"Ulikuwa unaujua," nikasema.

"Nilikomaa nao. Mama alikuwa anatufunga mgongoni, anaanika."

"Siku ya matanga ulijua ni wa ndagala."

"Nilijua."

"Na Gardien?"

Aliangalia barabara kwanza. "Mutoto wa fundi mujenzi alimuona na wenzake wa kufunga barabara, wako juu ya Saidi pale kwa muchanga. Wanaume wote kwa mukeka walijua. Alikuja kusikia tunasema nini. Mi nilikuwa na vijana wawili ndani ya nyumba. Ulitaka nimuambie nini?"

"Ungenyamaza."

"Apana. Ukinyamaza, anajua unajua. Ilitakiwa apatikane mutu. We ulikuwa mutoto. Hakuna mwenye kuua mutoto juu ya wimbo."

"Na vita ilipoisha?"

"Nilifikiri umesahau."

"Shangazi, sijawaimbia watoto wangu hata siku moja."

Akavuta kanga, akafunika miguu yake. Nikamuuliza kama Gardien bado anakaa mtaani.

"Anakaa. Akipita ananisalimia."

Nikarudisha wimbo mwanzo, nikabonyeza tena.

"Punguza," akasema. "Watu watasikia."

Nikaongeza.

Nimejaribu kumtendea haki. Wanawe wawili wako hai, na huenda ni kwa sababu ya maneno yale. Aliwalinda kwa kitu kilichokuwa karibu na mkono wake, na kitu hicho kilikuwa mimi. Naelewa, na hasira yangu haijapungua kwa kuelewa. Kuulaumu uchuro ni rahisi mno. Kushika tama hakujawahi kuua mtu. Nawalaumu wanaume waliokaa kwenye mkeka ule. Walijua, wakasogea, wakasikia mtoto akitwishwa maiti ya kaka yake, wakaendelea kula. Hata mmoja hakunifuata baadaye, pembeni, kuniambia neno moja tu: si wewe.

Katika chumba cha habari tuna maneno tunayotumia mtu anapouawa na jina la muuaji likawa halitamkiki: watu wasiojulikana. Nimeyaandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siku hizi yakifika mezani kwangu naweka kalamu chini kwanza. Najua mahali fulani pametandikwa mkeka, wote waliokaa juu yake wanajua, na mtoto mmoja ameambiwa ni yeye.