Bahari ya Ukutani

Fundi anapaka rangi ya mafuta kwenye korido ya ofisi yetu, na harufu yake inanirudisha sebuleni kwetu, Majengo. Dada yangu alikuwa amekuja likizo kutoka chuo binafsi cha uchoraji, huko pwani, akatuchorea bahari ukuta mzima. Pembeni akaweka nyumba ndogo ya bati.

"Chuo chetu hicho," akaniambia. "Ukinikumbuka, niangalie hapo."

"Na bahari ina chumvi kweli?"

"Kweli kabisa."

Alipoondoka nyumba ikawa kimya mno, nikauramba ukuta. Ulikuwa na chumvi! Sikujua kwamba kuta zote za mtaa wetu hupandisha chumvi kutoka ardhini. Nikawa nauramba kila nikirudi shule.

"We mtoto, koma!" mama alinifokea. "Utaumwa tumbo!"

Idi ilipokaribia, mama alipaka nyumba nzima chokaa, ukuta ule akauruka. Dada hakuja Idi ile. Jioni nilimkuta mama sebuleni peke yake. Alipitisha kidole juu ya bahari, taratibu, kisha akakitia mdomoni.